SHULE YA KIJIJI NI AMANA: NANI ANAIULIZIA?

(Ufuatao ni mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Kilwa. Tunauchapa ili wafaidike nao pia jamaa wa misikiti mingine ya mwambao wa Lindi.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na akaifanya amana kuwa mzigo wa wenye akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. 

Tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo barazani huzungumzwa kwa malalamiko na mikutanoni kwa haraka, lakini msikitini ni nadra kuzungumzwa kwa utaratibu. Jambo hilo ni shule za serikali zilizomo vijijini mwetu: nani anaziendesha, fedha zake zinatoka wapi na kwenda wapi, na watoto wetu wanatoka humo wakiwa na nini vichwani mwao.

Huenda akawepo mwenye kusema kwamba hayo ni mambo ya halmashauri, hayahusiani na msikiti. Jawabu letu ni jepesi. Mtoto anayekaa darasani asubuhi ndiye huyo huyo anayekaa chuoni alasiri na msahafu mkononi. Mtume (S.A.W.) alikubali baadhi ya mateka wa Badr, ambao hawakuwa Waislamu, wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Kwa hiyo kusoma na kuandika ni jambo ambalo Uislamu ulilinunua kwa thamani ya fidia ya mateka wa vita. Haiwezekani basi liwe jambo dogo kwetu sisi.

MTOAJI ALIPOKUFA

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani na kuukuta mji ulioimarika. Aliandika juu ya sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman, kwamba alikuwa mcha Mungu na mkarimu sana, hata watu wakamwita Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Katika habari alizoziandika, moja huwapita wasomaji wengi. Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akitenga fungu la tano la ngawira kwa mujibu wa Qur'ani, na fungu la jamaa wa Mtume (S.A.W.) akiliweka katika hazina ya peke yake, lisichanganyike na mali nyingine, mpaka wanaostahiki wafike walichukue.

Lakini msafiri huyo hakuishia hapo. Anaeleza kwamba baada ya kufa sultani yule alitawala ndugu yake Daud, naye akawa kinyume chake. Mwombaji alipomjia alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Ndugu zetu, visa hivi viwili vya mji mmoja vinatosha kuwa msingi wa mazungumzo yetu ya leo. Kheri inayotegemea wema wa mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Kheri inayotaka kudumu huhitaji hazina inayojulikana, hesabu zinazosomeka, na watu wenye haki ya kuuliza na wenye ujasiri wa kuitumia haki hiyo. Vivyo hivyo shule: ikisimama kwa sababu tu kijiji kimepata mwalimu mkuu mwema, siku atakapohamishwa itaanguka.

NJIA TULIYOPITA

Ili tuelewe tulipo hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Mwambao huu haukuwa wa watu wasiojua kalamu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Kilwa ilikwisha kuandikiwa kitabu cha tarehe yake kwa Kiarabu. Babu zetu waliandikiana barua na mikataba kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja Mjerumani.

Waingereza walipotawala Tanganyika, kuanzia miaka ya 1920 walichagua kutoa ruzuku kwa shule za misheni. Katika upande wetu wa kusini misheni hizo zilikuwa zimepata mizizi zaidi bara, Masasi na Ndanda. Wazazi wengi wa pwani walichelea kuwapeleka watoto wao huko kwa kuhofia dini yao, na hofu hiyo haikuwa ya kuzua, kwani shule na ubatizo vilikwenda pamoja. Shule za serikali nazo zilikuwa chache. Hivyo Waislamu wa pwani walibaki nyuma katika elimu ya shule, na pengo lile lilirithiwa na nchi huru.

Mwaka 1969 serikali ilitunga sheria ya elimu iliyoziweka chini yake shule za mashirika ya dini na za jumuiya mbalimbali. Tangu hapo, kisheria, shule ya umma si ya padri wala si ya shehe. Ni ya wananchi wote. Hili ni jambo kubwa, na wapo miongoni mwa jamaa zetu ambao mioyo yao haijalipokea hadi leo. Bado wanaitazama shule kama nyumba ya mgeni, ilhali mlango wake umekuwa wao kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Ada ya shule za msingi iliyofutwa mwaka 1973 ilirudi kwa sura ya michango katika miaka ya 1980, kisha ikafutwa tena ulipoletwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006. Ukafuata mpango wa sekondari, MMES, mwaka 2004, ambao kwao zilienea sekondari za kata. Mwaka 2009 usimamizi wa sekondari za serikali nao ulishushwa kwenye halmashauri. Na kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa hadi kidato cha nne.

Ukiutazama mwendo huu utaona kwamba madaraka yamekuwa yakisogezwa karibu na kijiji. Swali ni nani huko kijijini aliyajongelea kuyapokea.

NANI ANAIENDESHA SHULE

Wizara ya Elimu hutunga sera na mitaala, na wadhibiti ubora wake hukagua ufundishaji. TAMISEMI ndiyo inayosimamia shule zenyewe kupitia halmashauri. Walimu huajiriwa na serikali kuu, na mambo ya utumishi wao yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Wilayani yupo Mkurugenzi Mtendaji pamoja na maafisa elimu wake. Madiwani tuliowapigia kura hukaa katika Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na baraza lao ndilo linalopitisha bajeti. Katani yupo afisa elimu kata.

Kisha kijijini ipo Kamati ya Shule. Hii ndiyo tunayotaka muitie maanani. Sekondari zina bodi, na shule za msingi zina kamati, ambayo ndani yake wamo wajumbe wanaochaguliwa na wazazi, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kamati ndiyo inayopanga mahitaji ya shule na kusimamia matumizi ya fedha zake. Tangu wakati wa MMEM iliwekwa kanuni kwamba fedha zilizopokewa na zilizotumika zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mzazi azione.

Na juu ya kamati upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa mujibu wa sheria hukutana angalau kila miezi mitatu, na kila mwanakijiji mtu mzima ni mjumbe wake. Huhitaji shahada wala kadi ya chama kusimama pale na kuuliza: shule yetu imepokea kiasi gani muhula huu, na kimefanya nini?

Inasimuliwa katika vitabu vya tarehe kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.), akiwa Khalifa, alipanda mimbari akiwa na nguo iliyozidi fungu la kitambaa alilogawiwa kila mtu. Muumini mmoja akasema hatamsikiliza mpaka aeleze kilipotoka kile cha ziada. Umar hakukasirika. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akaeleza kwamba alimpa baba yake fungu lake. Ndipo yule muumini akasema sasa atasikia na kutii. Ikiwa Umar aliulizwa juu ya kipande cha kitambaa, ni mwalimu mkuu gani, mtendaji gani au diwani gani ambaye ni dhambi kumuuliza juu ya fedha za watoto? Na ikiwa Umar alijibu bila ya kununa, nani leo ana haki ya kununa?

HESABU YA FEDHA

Wengi husikia kwamba elimu ni bure, na neno bure likawalaza. Elimu si bure, ndugu zetu. Inalipiwa na kodi, na kodi ni yenu.

MMEM ilipoanza, ilipangwa kila mwanafunzi wa msingi atengewe ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka, kiasi kilichokuwa sawa na dola 10 za Marekani wakati huo. Kwa miaka mingi asasi za kiraia zilizofuatilia fedha hizo zilikuta kwamba kiasi kilichofika shuleni kilikuwa sehemu ndogo tu ya ahadi. Mwaka 2016 ulianza utaratibu ulio bora zaidi, wa fedha kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule bila ya kupitia halmashauri. Serikali ilitangaza kutenga shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa ajili ya elimu bila malipo. Hilo tunalishukuru, kwani kuficha jema la mtu si katika uadilifu.

Lakini kiwango kilibaki kile kile cha shilingi 10,000. Katika hizo, 4,000 zilizuiliwa juu kwa ajili ya kununulia vitabu, na 6,000 zikateremka shuleni. Shilingi 10,000 ya mwaka 2002 ilikuwa dola 10. Katika miaka hii ya 2020 imekuwa kama dola 4. Chaki haikupungua bei, wala karatasi, wala saruji.

Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 400. Zidisha kwa 6,000, utapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo shule inatakiwa inunue chaki na karatasi, itunge na kuchapa mitihani, itengeneze madawati, ikarabati paa, iendeshe ofisi na michezo. Yaani kila mtoto ana shilingi 500 kwa mwezi. Anayemlaumu mwalimu kwa kila kitu na aitazame hesabu hii kwanza. Na anayedhani kwamba fedha ni kidogo mno hata hazifai kuulizwa, naye akumbuke kwamba kidogo ndicho kinachostahiki kulindwa zaidi, kwa sababu kikichopolewa hakibaki kitu.

Majengo yana mafungu yake mengine. Kwa mkopo wa UVIKO-19 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima mwaka 2021 na 2022, 3,000 kati ya hayo yakiwa ya shule shikizi, zile zinazowafaa watoto wa vitongoji vya mbali. Ulifuata mradi wa BOOST kwa shule za msingi. Majengo yameonekana. Hata hivyo jengo halifundishi. Mwalimu anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kukaa hutafuta uhamisho kabla hajafungua sanduku lake.

NA MALI YA WILAYA YETU JE?

Wilaya ya Kilwa si maskini wa rasilimali. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme na viwanda. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 imezipa halmashauri haki ya kutoza makampuni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi uliwekwa kuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Upo pia ushuru wa mazao kama ufuta na korosho, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa kuwa asilimia 3 mwaka 2017.

Na ipo misitu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani humu, ilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora, jambo ambalo halikuwa limewahi kufikiwa na misitu ya asili ya wanavijiji barani Afrika. Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji chenye msitu wake uliohifadhiwa kisheria huuza mbao na fedha ikabaki kijijini. Nanjirinji nayo ikafuata njia hiyo, na fedha za mpingo na miti mingine zikasaidia huduma za kijiji.

Tuangalie tofauti iliyopo. Fedha za msitu zinajulikana kijijini kwa sababu wanakijiji wenyewe walihesabu magogo. Fedha za gesi na ushuru wa mazao ziko mbali na macho, katika vitabu vya halmashauri. Hatusemi kwamba zimeliwa, maana kumtuhumu mtu bila ya ushahidi ni haramu. Tunasema kwamba vitabu hivyo ni vya umma, vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, na diwani aliyeomba kura hana budi kuwaeleza waliompa: katika mapato ya mwaka huu, nyumba ngapi za walimu zimejengwa, na katika kata zipi? Wilaya hii, pamoja na bahari yake, ina zaidi ya kilometa za mraba 13,000. Sensa ya 2012 ilikuta watu 190,744, na ile ya 2022 ikakuta karibu 300,000. Bajeti inayoitazama Masoko na Kivinje peke yake itawaacha watoto wa Kandawale, Likawage na visiwa vya Songosongo na Songo Mnara.

MATOKEO NA YALE YASIYOANDIKWA

Kwa miaka mingi jina la mkoa wetu lilizoeleka kutajwa mwishoni katika orodha za mitihani. Sababu za nje zipo, nani atazikana? Kabla ya kufunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, mto Rufiji ulitutenga na nchi, na mwalimu aliyepangiwa kusini alihesabu kwamba amefungwa. Hata mwezi wa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara yetu kuu maeneo ya Somanga.

Kitaifa, waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa kama asilimia 31 mwaka 2012, wakafika kama asilimia 81 mwaka 2024. Hiyo ni nafuu. Lakini tusisahau kwamba mwaka huo huo wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri, hata serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Asilimia hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, nyingine zikiwa za namna ya kupanga madaraja. Kwa hiyo mzazi mwenye busara hatosheki na asilimia.

Na lipo jambo ambalo asilimia haiwezi kulisema kabisa. Asilimia ya ufaulu huhesabu walioingia katika chumba cha mtihani. Haimhesabu kijana aliyeacha darasa la tano akaenda kwenye dagaa. Haimhesabu binti aliyepata mimba darasa la sita. Haimhesabu mtoto aliyehama na wazazi kwenda mashamba ya ufuta asirudi tena. Shule inaweza kufaulisha asilimia 90 ya watahiniwa wake na papo hapo ikawa imewapoteza nusu ya watoto wa kijiji.

Kwa hiyo tunawapeni kipimo ambacho hakihitaji utaalamu. Muulizeni mwalimu mkuu idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka ule walipoanza wale waliomaliza karibuni. Kisha uliza wangapi walikaa kwenye mtihani wa mwisho. Ondoeni waliohama, waliokariri darasa na waliofariki. Waliobaki katikati ya namba hizo mbili ni watoto wetu waliopotea, na kila mmoja wao ana jina, ana mama, na ana imamu anayewajua wazazi wake.

HOJA MBILI ZA KUJIBIWA

Wapo wanaosema: kazi hii ni ya serikali, kwa nini jamaa wa msikiti wabebe mzigo wake? Tunajibu kwamba kuuliza si kubeba. Anayemkumbusha mdeni wake halipi deni kwa niaba yake. Serikali itabaki na wajibu wa kuleta walimu, fedha na vitabu, na sisi wajibu wa kuhakikisha kwamba vimefika na vimemfaa mtoto. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Kila mzazi anacho alichokabidhiwa.

Wapo pia wanaosema: tujenge shule zetu za Kiislamu, hizi za serikali tuachane nazo. Tunaziunga mkono shule za Kiislamu, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaozianzisha. Lakini tuseme ukweli. Shule hizo huendeshwa kwa ada, na mvuvi wa Somanga mwenye watoto sita hawezi kuwalipia wote. Miaka mingi ijayo, walio wengi katika watoto wa Kiislamu wa pwani hii watasoma katika shule za serikali. Anayezitupa shule hizo amewatupa wao.

Na tuweke wazi jambo moja. Tunapohimiza Waislamu waingie katika kamati za shule hatukusudii kuwapokonya wengine. Shule ni ya mtoto wa Muislamu, wa Mkristo na wa asiyekuwa na dini, na mjumbe wa kamati akimdhulumu yeyote kati yao ameikhini amana.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tunapendekeza mambo sita kwa kila jamaa wa msikiti.

Kwanza, msikiti uwahimize waumini wake, wanaume na wanawake, wenye uaminifu na wanaojua kusoma hesabu, wagombee nafasi katika kamati ya shule kila uchaguzi unapofika. Asiachiwe mtu mmoja nafasi hiyo kwa miaka kumi kwa sababu tu wengine hawakuhudhuria.

Pili, siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji itangazwe msikitini Ijumaa iliyotangulia, kama inavyotangazwa siku ya maulidi au ya harusi. Na ubao wa matangazo wa shule usomwe. Ikiwa hauna kitu, kamati iulizwe kwa adabu na kwa maandishi.

Tatu, saa za chuo na saa za shule zipatane. Walimu wa madrasa na walimu wa shule wakae pamoja kila mwanzo wa muhula. Mtoto asichapwe huku kwa kuchelewa kwa sababu ya kule.

Nne, jando. Kutahiri ni sunna, hilo halina mjadala. Lakini ngoma za kukesha, na kuwatoa watoto shuleni wiki nyingi katikati ya muhula, si katika sunna. Ifanywe wakati wa likizo, bila ya ngoma wala gharama zinazomaliza fedha ya madaftari. Na unyago unaomfanya binti wa miaka 12 ajione amekwisha kuwa mke, huo uachwe kabisa.

Tano, mabinti. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Jamaa wasimfiche mhalifu kwa kupokea mahari ya haraka haraka. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni. Zinaa ni haramu, na tutaendelea kuikemea. Lakini toba ina mlango, na ujinga haukuwekwa na sheria yetu kuwa adhabu ya mtu. Arudi, asome, na mtoto wake apate mama anayejua kusoma.

Sita, kipindi cha dini. Ratiba za shule zina nafasi ya somo la dini, na ni juu ya jumuiya za dini kutoa walimu. Katika shule ambako kipindi cha Waislamu hupita watoto wakicheza uwanjani kwa kukosa mwalimu, kosa hilo haliwezi kuandikwa kwa serikali. Kila msikiti na utoe walau kijana mmoja aliyesoma, alipiwe nauli yake na waumini.

Haya yote hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji watu wanaofika kikaoni na wanaorudi kikao kinachofuata. Akihama mwalimu mkuu mwema, wawepo. Akija asiye mwema, wawepo. Ndivyo kheri inavyovuka umri wa mtu mmoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape subira walimu wanaofundisha katika mazingira magumu, awape uaminifu waliokabidhiwa fedha za watoto, awape ujasiri wa kuuliza wale wanaonyamaza, na awarudishe darasani watoto wetu waliopotea njiani. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.